Joto la Kadi na Pua ya Bibi

Mimi muoga. Nasema mapema ili anayenisoma asije akanitarajia ushujaa huko mbele. Wenyewe wanasema kwa muoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimekubali nichekwe. Naogopa popo, naogopa kombamwiko anayeruka, naogopa nyoka ambaye sijamuona tangu nizaliwe. Lakini kuliko vyote naogopa moto, na kwa moto nina haki yangu.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ndani ndani huko, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja lazima ageuke ubavu. Kuta zake ni za mawe na chokaa, hizo haziungui. Lakini dari ni boriti, sakafu ya juu ni mbao juu ya boriti, na ngazi ni mbao tupu, kavu, zinazolia ukikanyaga. Gari la zimamoto halifiki kwetu. Litasimama barabara kubwa, wenyewe waburure mpira. Nilipokuwa mdogo iliungua nyumba ya mtaa wa pili, nikaona watu wanapokezana ndoo mkono kwa mkono, na ndoo ikifika mlangoni nusu ya maji yameshamwagikia miguu ya watu. Nilisimama pale nimeshika nguo ya mama mpaka ikachanika.

Na juu kabisa ya ngazi zetu alikuwa akilala bibi yangu, mzaa mama, ambaye miguu yake ilishakataa kumbeba. Akitakiwa hospitali alishushwa na wanaume wawili juu ya kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, na kila kidato yeye anasoma shahada. Ngazi ni hiyo hiyo moja. Basi nililala na hilo na nikaamka nalo: ngazi moja, ya mbao, na bibi juu.

Sasa utauliza, mtu wa namna hiyo alikuwa na kazi gani ya kuchezea kitu kinachochemka ndani ya nyumba hiyo hiyo. Uliza tu. Mama aliuliza kabla yako.

Kazi yangu nachora majumba ambayo hayajajengwa. Mtu anataka kujenga hoteli Paje au Nungwi, ananiletea ramani, nami namtengenezea picha za kompyuta, na siku hizi wanataka picha inayotembea, uingie mlangoni, upite ukumbini, utoke barazani uione bahari. Naifanyia nyumbani kwa sababu lazima mtu abaki na bibi. Mama ana duka lake la nguo Darajani, na mjomba, kaka yake mama, tunayekaa naye, ni mtu wa bandarini. Kwa hivyo mtu ni mimi.

Mzigo wa picha hizo unabebwa na kadi ya grafiki. Ni kipande kipana kama kitabu, kinakaa ndani ya sanduku la kompyuta, na kina pangaboi zake ndogo za kujipepea. Kadi inatoka kiwandani na kasi yake, lakini mwenyewe ukitaka unaweza kuiamuru ikimbie zaidi ya hapo. Vijana wa gemu ndio mambo yao. Nami nilichoka kukaa mbele ya kioo cha kompyuta tangu alfajiri mpaka alasiri nikisubiri ukuta mmoja upate kivuli chake. Siku ya kwanza nilipoikimbiza, kazi ya asubuhi nzima iliisha kabla sijamaliza kumenya muhogo. Nikanogewa.

Ila mwendo ni joto, na Unguja wakati wa kaskazi joto lenyewe liko mlangoni linakusubiri. Hewa utakayoipa kadi ijipepee tayari ni ya moto, ina maji na ina chumvi. Nikaufungua ubavu wa sanduku, nikaweka feni kubwa ya kusimama ivume humo ndani, nikaona bado. Nikaichukua kwa fundi wa Ng'ambo, mtu mpole mwenye kibanda nyuma ya duka la vitenge. Akaipangua, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto, akanibandikia vipande vidogo vya alumini vyenye meno, vya kuvutia joto nje.

"Dada," akaniambia, "hii chip kubwa ya katikati ina kipimajoto chake. Ikizidiwa itakuonyesha kwenye kioo, na ikizidiwa sana inajizima. Lakini hivi," akagusa kwa ncha ya bisibisi vidude vyeusi vilivyojipanga pembeni, "hivi ndivyo vinavyoilisha umeme. Ukiikimbiza, mzigo wanaubeba hawa. Na kwenye kadi yako havina kipimo. Hivi havina mdomo."

"Sasa nitajuaje?"

"Kwa pua," akasema. "Kikianza kuungua kitu humu, harufu inatangulia."

Angeniambia kwa jicho au kwa sikio ningelala vizuri zaidi. Kwa pua! Nikarudi nyumbani nikaanza kunusa. Nilinusa nikiamka, nilinusa nikitoka kuswali, niliinama kwenye sanduku kila nikipita. Mama akasema nimekuwa paka wa soko la samaki. Mjomba akasema mtu akiogopa kitu hivyo hukiacha. Alikuwa na haki, lakini nilikuwa na hoteli nzima ya mtu kwenye kioo na vyumba vyake vyote vinasubiri mwanga.

Kilichonipa moyo ni bibi. Bibi alikuwa na pua inayojulikana mtaa mzima. Ndiye aliyekuwa akipika udi wa maharusi, ule unaopikwa kwa sukari na marashi, na watu walitoka mpaka Mkokotoni kuufuata. Akiwa kitandani juu alikuwa anajua maziwa yanataka kufurika kabla ya aliyeyainjika. Nikampandia nikamwambia, "Bibi, kuna kitu changu chini kinaweza kuungua. Ukisikia harufu ya waya, gonga sakafu kwa fimbo."

"Nitagonga, mke mwenzangu," akasema. Alizoea kuniita hivyo kwa utani, kwa sababu marehemu babu alikuwa akinipenda mno. "Nawe ukiungua mimi nitaolewa peke yangu."

Basi nikahesabu tuna pua mbili ndani ya nyumba, na ya bibi ndiyo kubwa. Mwaka uliotangulia yalipita mafua makali yakatupotezea harufu sote; mimi nilikula chakula kama karatasi kwa wiki kadhaa. Bibi tulipomuuliza alitucheka, akasema yake ilisharudi zamani, sisi vijana ndio wa sharubati, hatuna nguvu. Na kila Ijumaa alitoa hukumu yake kutoka juu: leo sandali imezidi, leo makaa hayakushika. Tukamuamini. Mtu gani atamkosoa bibi yule kwa udi?

Ijumaa kwetu udi ni lazima, na bibi alikuwa na sharti lake. Hataki chetezo cha udi kiletwe chumbani kama sahani ya chakula. Kiwekwe chini ya ngazi, moshi upande wenyewe, yeye huko juu afungue nywele na atandaze kanga aupokee. Chini ya ngazi hapo pametazamana na mlango wa chumba changu cha kazi. Nimeeleza hivyo ili ieleweke baadaye.

Ijumaa ninayoisema, mama alikwenda Mpendae kuhani, shoga yake alifiwa na mume. Mjomba alishakwenda msikitini. Mimi niliiacha kompyuta inatengeneza ukumbi wa hoteli, kasi ya mwisho, nikaroweka mchele wa pilau kwenye beseni, nikakaanga vitunguu.

"Mke mwenzangu," bibi akaita.

"Naam, bibi."

"Mbona kimya leo? Udi uko wapi?"

"Nautia sasa hivi."

"Utie wa kutosha. Ijumaa iliyopita ulinibania."

Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi wa kutosha, nikakiweka mahali pake. Nilipokuwa nainuka nikachungulia kwenye kioo. Joto la chip kubwa lilikuwa zuri kabisa, nimewahi kuliona baya zaidi. Nikavuta pumzi kwa pua, kwa mazoea. Nikasikia udi, na vitunguu. Nikarudi jikoni nimetulia, na katika yote yaliyotokea siku hiyo, ule utulivu ndio unaonitisha zaidi nikiukumbuka.

Sijui nilikaa jikoni kiasi gani. Khutba ilikuwa inaendelea kwenye spika za msikiti. Nilitoka kufuata chumvi, nikaona chini ya ngazi pamejaa moshi, nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikasema moyoni, bibi leo hatasema nimembania. Nikasogea kupunguza makaa, nikakiona chetezo: kilishafifia, kinatoa uzi mwembamba tu. Moshi ulikuwa unatoka chumbani kwangu. Feni kubwa ya kusimama ilikuwa inausukuma nje, mweusi, mzito, na ngazi zinaunyonya juu kama bomba.

Nilijishika ukutani, nikachungulia ndani. Kioo kilikuwa cheusi. Ndani ya sanduku mlikuwa na moto mdogo, mdogo wa mshumaa, unalamba nyaya, na plastiki inadondoka tone tone juu ya meza ya mbao. Na mimi nipo katikati, kushoto moto, kulia ngazi, na juu ya ngazi bibi, na fimbo haijagonga.

Hapo sikujua niende wapi. Nilipanda vidato viwili nikashuka. Nikipanda, moto utanifuata. Nikibaki, moshi utamkuta peke yake. Nikaburura kigoda, nikapanda, nikaivuta meni swichi ya umeme, nyumba nzima ikanyamaza. Nikakimbilia jikoni, kitu cha kwanza kilichonijia mkononi ni beseni la mchele. Nikalimwaga lote kwenye sanduku, maji na mchele, likatoa mlio wa kaango la moto. Mwali ukafa. Moshi haukufa, ulizidi, sasa na mvuke. Nikalitupia sanduku zulia la chini lililolowa maji yale, na nikaanza kupanda.

Ngazi zile nimezipanda maisha yangu yote na siku ile sikuziona. Nilipapasa. Nilikuwa nasoma kila nilichokijua, na nakumbuka nilikuwa nachanganya, naanza sura hii namalizia na nyingine. Kwa nini hagongi? Hilo ndilo lililokuwa kichwani. Bibi anasikia harufu ya maziwa kutoka orofani, na hapa panaungua plastiki, mbona hagongi. Nilishajijibu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamini nitamkuta amekufa.

Nilimkuta amekaa. Ameegemea mto, ameufungua ushungi, nywele zake nyeupe amezifumua zimemshuka mabegani, na kanga ameinyanyua kwa mikono miwili ameitandaza mbele yake, anaupokea ule moshi. Machozi yanamtiririka. Anakohoa, na akikohoa anatabasamu.

"Mke mwenzangu," akasema, "leo umenifukiza. Mungu akupe kheri."

Nilimpokonya ile kanga kwa nguvu, sijawahi kumshika bibi yangu vile. Nikamziba nayo pua na mdomo, nikasukuma madirisha yote, nikamkumbatia kwa nyuma nikamburura mpaka dirishani na kumuweka kifua nje ya kizingiti. Alikuwa ananiuliza una nini, una nini wewe. Nikapiga kelele kwenye kichochoro. Kichochoro cha Ijumaa saa saba hakina mwanamume hata wa dawa, kuna paka na watalii waliopotea. Wawili walinyanyua vichwa, wakanipungia mkono. Nami huku nimemshika bibi kiunoni nasikia mbavu zake zinavyopanda na kushuka, naomba imamu afupishe.

Mwisho jirani wa mkabala, mwanamke mzima mwenye nguvu zake, alinisikia akaja akamimina ndoo nyingine juu ya lile zulia. Kisha swala ikatoka, mjomba akaja mbio na wenziwe, bibi akashushwa kwenye kiti. Safari ile hakusoma shahada. Alikuwa anakohoa tu, na anauliza kwa nini chini ya ngazi pamemwagika mchele.

Hospitali walimtia hewa, wakampa dawa, akarudi salama baada ya siku chache. Mimi ndiye niliyechelewa kurudi. Nilikuwa nikisikia kijiko kimeanguka natoka mbio. Mama hakunisema sana, alinitazama, na hilo lilitosha. Fundi wa Ng'ambo alipoifungua kadi alitoa kwanza punje za mchele, halafu akanionyesha: kipande kimoja cha alumini kimeteleza kutoka mahali pake, na kidude cheusi kilichokuwa kikipozwa nacho kimebaki shimo. Meno ya vingine yote yalikuwa yamejaa utando wa rangi ya kahawia, unanata, vumbi limeganda juu yake. Akausugua kwa kidole, akanusa.

"Dada, huku mnafukiza?"

Basi kila Ijumaa, chetezo chini ya ngazi na ile feni yangu inavuma, nilikuwa naivutisha kadi udi wa bibi. Nilinunua nyingine, nikaishusha kompyuta mezani ikae kwenye sakafu ya saruji, na kadi inakwenda kwa kasi yake ya kiwandani. Kazi inachukua siku nzima. Nasubiri.

Ijumaa ya kwanza baada ya bibi kupata nafuu sikutaka kutia udi. Aliniita mara nyingi, mwisho nikatia, na safari hii nilikataa sharti lake, nikampandishia chetezo mwenyewe na nikakaa nacho, nisikitoe machoni. Akafungua nywele, akatandaza kanga. Akangoja.

"Huu nao udi gani?" akasema.

"Ndio ule ule, bibi. Umeupika mwenyewe."

"Siutaki. Nipe ule wa Ijumaa ile."

Nilidhani anafanya utani. Nikamtazama, hakuwa anafanya utani. Ikabidi nimwambie wazi kile ambacho sote tulidhani ameshakielewa. "Bibi, ule haukuwa udi. Ilikuwa kompyuta yangu inaungua. Plastiki na nyaya."

Alikuwa ananyoosha pindo la kanga kwa vidole.

"Tangu yale mafua," akasema, "mimi sijasikia harufu ya kitu. Si udi, si asumini, si mchuzi. Nasema sandali imezidi kwa sababu mamako akifukiza huzidisha sandali siku zote. Ijumaa ile kitu kikanichoma puani mpaka nikalia. Nikasema, alhamdulillahi, imerudi."

Nilikumbuka mara zote nilizomwacha peke yake kidogo, jiko la gesi linawaka, nikenda zangu Darajani nina amani kwa sababu pua ya bibi ipo nyumbani. "Lakini nilikwambia ugonge," nikasema. "Nilikwambia ukisikia waya ugonge, ukaniambia utagonga."

"Ningekwambia sisikii," akasema, "ungelala usingizi wewe?"

Alizikusanya nywele, akazirudisha mbele, akaitandaza tena ile kanga vizuri kama mtu anayejiandaa kupokea kitu kizito.

"Kisogeze," akasema. "Labda kikiwa karibu."

Nikakisogeza. Nikakiingiza mpaka chini ya kanga yake, nimekishika mwenyewe kwa sababu naogopa kukiachia, moshi unampanda usoni na joto la makaa linaniuma vidole, na mimi namtazama. Alifumba macho akavuta pumzi ndefu.

"Bado," akasema.